Mume wa Binti Mfalme Hana Nchi

Mimi si raia wa nchi yoyote. Sijaiba, sijaua, sijapindua serikali ya mtu. Niliandika jina langu kwa mkono wangu kwenye karatasi iliyosema sitaki tena kuwa Mkenya. Aliyenitafutia kalamu siku hiyo ni mke wangu.

Na alijua.

Kwa anayeingia leo kwenye simulizi hii, nimkalishe kwanza. Naitwa Opondo. Natengeneza makochi Kisumu Ndogo, Kibera. Shule niliiacha darasa la tano. Mwaka 1976 nilimuoa Kemigisa, msichana kutoka Uganda aliyeuza ndizi za kupika Kawangware, karibu na stegi ya matatu ya 56. Tulijaliwa mtoto mmoja aliyeishi, Hope.

Miaka yote hiyo nilimjua mke wangu kama mkimbizi wa kawaida. Halafu Februari 1994 wanaume wanne wenye suti wakaja sokoni, wakapiga magoti kwenye matope mbele ya ndizi zake. Wanawake wa soko walidhani wameangusha sarafu. Kumbe ufalme wa kwao, uliofutwa Kemigisa akiwa mtoto, ulikuwa umerudishwa. Yeye ni binti wa mfalme wa zamani. Mfalme mpya ni ndugu yake kwa baba, na alimtaka akalie kiti cha Dada wa Mfalme, kiti ambacho kwao hakiachwi wazi.

Ufalme wenyewe siutaji jina. Wana mawakili.

Juma lililopita niliishia pale Kisumu Ndogo nzima ilipoanza kuniita Bwana Ikulu, na mimi nikaanza kuitika. Leo nasema nilivyolipwa.

Juni ile Mzee Kagoro alituita kwake Kawangware. Kagoro ni mjomba wa mke wangu, anakaa ploti moja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwaka 1976 yeye ndiye aliyepokea ng'ombe wangu wawili wa mahari, kwa sababu baba mtu alishafia uhamishoni. Alinikalisha, akanipa chai.

"Mkwe, kuna jambo moja dogo."

"Sema."

"Dada wa Mfalme hawezi kuwa chini ya mwanamume wa Rais mwingine. Baraza la ikulu limekaa siku mbili. Wanasema mume akibaki raia wa Kenya, siri za ikulu ziko Nairobi."

"Siri gani, mzee? Mimi nagonga misumari."

"Ndivyo wanavyosema."

"Lakini Kemigisa mwenyewe ni Mkenya. Nilimwandikisha 1984, kwa ndoa yetu."

"Ameshaanza kurudisha. Kampala wanamngoja yeye. Wewe ndiye umebaki."

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa anamenya ndizi, kichwa chini, kama siku yoyote nyingine.

"Mama Hope, wewe unasemaje?"

"Ukikataa, narudi sokoni," akasema. "Sitakulaumu, Baba Hope. Hata siku moja."

Hapo ndipo aliponikamata. Angenilaumu, ningekataa.

Nisidanganye lakini, haikuwa mapenzi peke yake. Nilikuwa nimemwomba Kagoro picha ya sebule ya ikulu, na usiku na mchana nikawa napiga hesabu ya makochi. Saba ya watu watatu watatu, na viti kumi na vinne vya mtu mmoja, mbao ngumu, kitambaa cha rangi ya damu ya mzee. Nilijiona mkwe wa mfalme mwenye karakana. Nilikuwa na miaka arobaini na saba na hakuna mtu aliyewahi kuniita bwana bila kutaka deni.

Ikulu ikaleta barua. Karatasi nene, juu ina taji, chini ya taji ngoma, pembeni mikuki miwili. Nilimpa Hope anisomee, maana ilikuwa ya Kiingereza.

"Inasema Mfalme amekupokea kuwa mtu wake," Hope akasema.

"Umeona?"

"Lakini baba, neno uraia halimo humu."

"Mfalme akikupokea si ndiyo hayo hayo?"

"Mimi sijui. Nasema tu halimo. Hata neno Kampala halimo."

"Kidato cha nne kimekujaza kiburi," nikamwambia. "Lete hiyo barua."

Naandika hivi ili msinionee huruma isiyonifaa. Mtoto wa miaka kumi na saba aliona. Mimi sikutaka kuona.

Wa pili kunionya ni mwenye nyumba wangu, Abdulhamid. Yeye ni Mnubi, babu yake aliletwa Kibera na Waingereza akiwa askari. Nilikwenda kumwambia nitahama ifikapo Januari, na kwa majivuno nikamwonyesha barua.

Akaiangalia ile ngoma muda mrefu. Halafu akaniuliza kitambulisho changu kiko wapi. Nikakitoa mfukoni.

"Nasir!" akamwita mwanawe. "Njoo uone mwendawazimu."

Nasir akatoka, kijana wa miaka ishirini na moja, amevaa kofia.

"Huyu mtoto wangu," Abdulhamid akasema, "ameenda mbele ya kamati ya vitambulisho mara tatu. Wanamuuliza babu yake alizaliwa wapi. Anawaambia hapa. Wanamuuliza baba ya babu. Wallahi, nimepeleka mpaka picha ya kaburi. Miaka mitatu hatujapata hicho kikaratasi ulichokishika. Na wewe unaenda kukitupa?"

"Sikitupi, mzee. Nakibadilisha."

"Kwa ngoma?"

Nasir akacheka. "Mzee Opondo, kama hukitaki nipe mimi. Nitajifunza Kijaluo."

"Nenda zako," nikamwambia. "Huko ninakokwenda hawaulizi kaburi."

Nilidhani wananionea wivu. Kweli kabisa, nilidhani Mnubi asiye na kitambulisho ananionea wivu kwa sababu nitakuwa mtu wa mfalme.

Novemba nikaenda mjini, kwenye ofisi ya serikali inayohusika. Karani alikuwa mtu mmoja anaitwa Mulei, mpole, ana miwani imefungwa kwa uzi. Nasema ukweli wake: hakunikosea. Aliniuliza mara mbili.

"Mzee, unajua sheria yetu hairuhusu nchi mbili. Ukitoka hapa umetoka."

"Najua."

"Na hatumtoi mtu kwenda hewani. Kuna nchi inayokupokea?"

"Hii hapa barua."

Akaisoma. Akaigeuza nyuma, akatafuta kitu, hakukiona.

"Hii ni ya mfalme. Ya serikali ya Kampala iko wapi?"

"Iko njiani. Mfalme ndiye mkubwa kule."

"Mzee, una uhakika?"

Kemigisa alikuwa kando yangu. Akanigusa kiwiko. "Mwambie tu ipo," akaninong'oneza. "Imeshaandikwa. Nimeiona."

Mulei akasema, "Basi nenda kwa wakili uape kwamba umekubaliwa kuwa raia kule. Ukiapa, kosa likitokea ni lako."

Tukaenda kwa wakili, ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Akanisomea kiapo. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikainua mkono nikaapa kuwa nimekubaliwa kuwa raia wa Uganda. Sikuwa nimeona karatasi yoyote ya Uganda. Niliapa kwa macho ya mke wangu.

Kalamu ya wakili haikuandika. Kemigisa akafungua mkoba, akanipa yake.

Machi 1995 hati ikatoka. Kitambulisho changu wakakichukua, wakakitoboa, nikapewa karatasi moja yenye muhuri inayosema mimi Opondo si raia wa Kenya. Nilitaka kukaa nayo.

"Nipe niitangulize," Kemigisa akasema. "Baraza linaingoja. Nakuachia nakala. Nikishakaa kiti, nakutumia gari Busia. Wewe na Hope."

"Siku ngapi?"

"Wiki mbili, Baba Hope. Usiuze vifaa vyako vyote. Uza vya uzito tu."

Nikauza randa, nikauza meza ya kukatia, nikauza msumeno mkubwa.

Wiki mbili zikawa tano. Nereah, jirani yangu anayeuza omena, dagaa wa ziwani, mlangoni kwangu, akawa ananisalimia kila asubuhi.

"Bwana Ikulu, bado uko? Nilidhani umeshapanda ngamia."

"Uganda hakuna ngamia."

"Wewe umefika?"

Mwisho Nasir akaniletea gazeti. Kulikuwa na picha ndogo ukurasa wa ndani. Mke wangu amevaa gome la mti begani na shanga kichwani, amekaa kiti cha chini kidogo ya Mfalme. Wanaume watu wazima wamelala kifudifudi. Hakutabasamu. Sijawahi kumwona mzuri vile.

Gari halikuja. Nikapanda basi la Busia mwenyewe.

Upande wa Kenya nilipita pamoja na akina mama wa mahindi, hakuna aliyeniuliza. Upande wa Uganda nikaenda moja kwa moja dirishani, kifua mbele, nikaweka barua ya taji na nakala ya hati yangu.

Ofisa alikuwa mwanamume mnene, Kiswahili chake cha jeshi. Akasoma, akamwita mwenzake, wakasoma pamoja.

"Mzee, wewe ndiye bwana wa Dada wa Mfalme?"

"Ndimi."

Akasimama, akanipa mkono. Nikajua mambo yamekuwa mambo.

"Mimi pia ni mtu wa kule," akasema. "Huyu Mfalme nampenda kabisa. Lakini mzee, hana mpaka. Hana hata geti. Ana ngoma zake na heshima zake. Uraia ni wa serikali."

"Basi niandikishe kwa ndoa. Mke wangu ni wenu."

"Hapana. Mwanamke wa nje akiolewa na mwanamume wetu, huyo tunamwandikisha. Mwanamume wa nje akioa binti yetu, huyo ni shemeji. Anakunywa chai, anakula kuku, anarudi kwao."

"Kwao wapi?"

"Kwao alikotoka."

Nikamsukumia ile nakala. Akaisoma tena, safari hii polepole. Akavua kofia.

"Yaani ulitoka kabla hujaingia?"

"Niliambiwa."

"Nani alikwambia?"

Akanirudishia karatasi zangu kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake mkono wa pole.

Nikageuka kurudi. Askari wa Kenya akaniambia, "Kitambulisho." Nikampa nakala. Alikuwa kijana, akaisoma midomo ikicheza.

"Sasa wewe ni Mganda."

"Wamenikataa."

"Kwa hivyo wewe ni Mkenya."

"Soma hapo chini."

Akasoma hapo chini. "Mzee, usinichanganye. Simama pale."

Nikasimama pale, kati ya mageti mawili, saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri. Nina miaka arobaini na minane. Nimepiga kura, nimelipa kodi, nimeimba wimbo wa taifa nikiwa na kaptura, na nimesimama kwenye lami ambayo kila upande unaniambia si yako.

Aliyenitoa ni mama mmoja wa mahindi. "Baba, beba gunia hili," akasema. "Mwenye gunia haulizwi." Nikainama, akanitwika, nikaingia Kenya nikiwa mpagazi. Ng'ambo akataka kunilipa. Nikakataa, nikaketi juu ya gunia lake, nikalia. Akaningoja nimalize, kisha akaomba gunia lake.

Nikarudi Nairobi kumtafuta Kagoro. Nilitaka anipe njia ya kumfikia mke wangu. Nilipofika ile ploti ya Kawangware nikakuta gari jeupe lenye namba za Uganda, na mlangoni viatu vingi vimepangwa.

Ndani wanawake sita wamekaa kwenye mikeka. Kwenye kochi, kochi nililomtengenezea Kagoro kwa mikono yangu, amekaa Kemigisa.

Alikuwa Nairobi siku ya nne. Kibera ni mwendo wa mguu.

"Vua viatu, Opondo," Kagoro akasema. "Halafu piga goti."

"Nimpigie goti nani? Huyu? Mgongo huu nimeukuna miaka kumi na tisa!"

Mwanamke mmoja akaziba mdomo. Kemigisa akanyanyua mkono kidogo tu, na wote wakatoka, Kagoro nyuma yao. Sijui alijifunzia wapi kunyanyua mkono namna ile. Labda alikuwa nao tangu zamani, akiuficha chini ya ndizi.

Tukabaki wawili.

"Umekonda, Baba Hope."

"Nimetoka Busia."

Akafumba macho. "Nilikwambia ungoje gari."

"Gari lipi? Kungekuwa na gari?"

Akakunja na kukunjua pindo la nguo yake.

"Kemigisa, nitakuuliza kitu kimoja na ukinidanganya nitajua. Ulijua kwamba Uganda hawawezi kunipokea?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Juni. Kabla mjomba hajakuita. Wakili wa Kampala alinieleza. Mume hafuati mke. Hakuna barua ya kubadilisha hilo."

"Na pale kwa karani, uliposema umeiona barua ya Kampala?"

"Haikuwepo."

Nilidhani ningempiga. Sikumpiga. Nikakaa mkekani chini yake, si kwa heshima.

"Kwa nini basi? Kama nisingeweza kuwa mtu wenu, mlinitoa kwetu kwa nini?"

"Baraza halikuuliza kama umekuwa mtu wetu," akasema. "Waliuliza kama umeacha kuwa mtu wa wengine. Hati yako iliwatosha. Ilisomwa mbele ya watu mia tatu. Wakapiga vigelegele."

"Wakapiga vigelegele."

"Ndiyo."

"Kwa kufa kwangu."

"Usiseme hivyo." Akanisogelea. "Opondo, unakumbuka 1984? Uliponipeleka kuandikishwa hapa? Niliukana uraia wangu siku ile. Niliapa kama ulivyoapa. Uliniuliza kama naumia?"

"Ulikuwa unapata nchi!"

"Nilikuwa napoteza ya baba yangu. Wewe ulitoka pale ukaenda kunywa na mafundi wenzako, mkashangilia kwamba sasa polisi hawatakusumbua kwa sababu yangu. Mimi nikarudi sokoni. Mama yangu, mke wa mfalme, alikufia Kawangware hii akifua nguo za watu. Nilipopata nafasi ya kumrudisha kwenye jina lake, ungetaka nifanye nini?"

"Ungeniambia ukweli."

"Ungesaini?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Basi."

Neno hilo moja, basi, ndilo lililoniumiza kuliko yote. Sikusikia hasira ndani yake wala haya. Alilisema kama mtu aliyepima kitambaa, akakata, na kitambaa kikatosha.

Akaniambia ninaweza kwenda kukaa kule kama mgeni wa ikulu. Kibali cha mwaka mmoja mmoja, nyumba ndogo nyuma ya uzio. Nisitembee kando yake mbele za watu, nisimwite Mama Hope. Kazi ya makochi siruhusiwi, mgeni hafanyi kazi.

"Na kibali kikikataliwa mwaka mmoja?"

"Tutaona."

"Nitarudi wapi?"

Akachukua bahasha ya kaki iliyofungwa kwa gundi, akanipa.

"Mpe Hope. Mkononi. Usiifungue."

Na mimi, baada ya yote hayo, nikaibeba. Kutoka Kawangware mpaka Kisumu Ndogo nimeishika kifuani isinyeshewe, kwa sababu ameiandika mama wa mtoto wangu. Niiteni mnavyotaka.

Hapo lazima niseme habari za Hope. Alipasi mtihani, akapata nafasi chuo cha wauguzi, masomo yaanze Mei. Chuo kinataka kitambulisho. Aprili alitimiza miaka kumi na minane, akaenda kwa chifu nikiwa niko Busia. Nilimkuta amekaa kitandani na fomu zake, na Nereah amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ulikuwa wapi, mwanamume?" Nereah akasema. "Mtoto wako wamemkalisha benchi la wasiojulikana."

"Benchi gani?"

Hope akacheka kidogo, cheko baya. "La kuhojiwa. Na kina Nasir. Akaniambia, karibu Hope, benchi letu lina joto."

"Wewe umezaliwa hapa!"

"Ndiyo nilivyowaambia. Wakasema lete kipande cha mzazi, kitambulisho chake. Nikasema mama amerudisha uraia. Wakasema cha baba. Nikasema baba pia. Wakaitana, baba. Wakaitana waje wanione. Mmoja akasema, nyumba nzima imehama na msichana amesahaulika?"

"Nilipokuzaa nilikuwa Mkenya. Sheria inakujua."

"Sheria inanijua, karatasi hainijui. Wanataka barua kutoka ofisi uliyorudishia kipande, na nyingine kutoka wilaya uliyozaliwa, halafu kamati. Nasir yuko mwaka wa nne, baba. Chuo kinafungua baada ya wiki tatu."

Nikampa bahasha.

Akaichana. Ilikuwa na fomu ya Kampala, imeshapigwa taipu, na barua ya mama yake. Alisoma kimya. Nereah akaona uso wake, akaondoka mwenyewe bila kuambiwa, na Nereah si mtu wa kuondoka.

"Soma kwa sauti," nikasema.

"Acha, baba."

"Soma."

Akasoma. Mama yake ameshamtafutia chuo cha wauguzi kule, ada imelipwa, kitanda kipo. Akiwa mtoto wa mwanamke wa Uganda, anaweza kupata uraia. Lakini ataingia katika kitabu cha ikulu pia, na hapo pana shida. Mtoto wa binti mfalme mwenye baba wa nchi nyingine, wanajua watamwandika wapi. Mtoto wa baba asiye na nchi, hawajui, na baraza halitaki kuuliza tena mambo ya Nairobi. Kwa hiyo ni bora asiwe na baba.

"Vipi asiwe na baba?" nikauliza.

Akanigeuzia fomu. Pale pa jina la mama pameandikwa Kemigisa, na cheo chake chote, mistari miwili. Pale pa jina la baba pamepigwa mstari kwa rula. Chini yake kuna kiapo kifupi, naye Hope akanisomea kwa sauti ndogo: naapa kwamba baba yangu simjui, wala sijawahi kuishi naye.

"Babu Kagoro ataichukua Ijumaa," akasema.

Ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana. Nje Nereah alikuwa anagombana na mteja juu ya kopo la omena. Jua linaingia kwa tundu za mabati, limemwangukia Hope mapajani, juu ya ile karatasi.

"Baba."

"Naam."

"Ukisema nisisaini, sitasaini. Nitakaa benchi na kina Nasir. Lakini useme wewe. Usininyamazie halafu baadaye unilaumu."

Nikafungua mdomo. Nikakumbuka mwanamke aliyeniambia hatanilaumu hata siku moja, nikaufunga.

Hope akanyoosha mkono, akachukua kalamu ya kuchorea mbao iliyokuwa juu ya redio. Akatazama kama ina ncha. Haikuwa na ncha. Akaanza kuichonga kwa wembe, taratibu, huku akinitazama, ananipa muda.

Hesabu ya nilivyopoteza hadi hapo ilikuwa hivi. Kitambulisho kimoja, kimetobolewa. Mke mmoja, wa ndoa ya miaka kumi na tisa, yuko hai na anapigiwa magoti. Ng'ombe wawili wa mahari, ambao Kagoro sasa anasema walikuwa zawadi. Ekari moja na nusu ya baba yangu kule Alego, ambayo ndugu yangu amejiandikishia mwezi uliopita kwa sababu mgeni hagawiwi. Randa, meza ya kukatia na msumeno. Kura moja. Kaburi, kwa kuwa sijui ni nchi gani itanizika.

Na binti mmoja, miaka kumi na minane, ambaye ameshamaliza kuchonga na ananingoja niseme.